Wafanyakazi wa Kabichi ya Mavuno

Mama mpendwa,

Vidukari wamerudi kwenye bustani yako ya Mlandege. Wamejaa chini ya majani ya kabichi, wanafyonza utomvu, na majani yanajikunja. Ilikuwa hivihivi mwaka ule, sikukuu ya mavuno ikikaribia, nawe ulikuwa umeshaitangazia kwaya nzima kwamba kabichi yako ndiyo itakayoongoza mnada wa kanisani.

Jirani yako, Baba Upendo, alichungulia juu ya ua, bomba la dawa mgongoni, akakusalimu kwa lugha ya kwetu.

"Kamwene, mama. Hiyo utaipeleka kanisani au hospitali?"

"Kamwene, baba. Nina wafanyakazi."

Wafanyakazi walikuwa wale wadudu wekundu wa mviringo, wenye madoa meusi. Uliwaokota kwenye maharage, ukawahamishia kwenye kabichi kwa kikombe cha chai. Watoto wao, weusi wenye umbo la mamba, ndio waliokula vidukari kwa fujo zaidi.

"Unafuga wadudu waue wadudu!" alicheka. "Kesho utaleta mwizi alinde kuku."

Vidukari wakaisha. Kabichi ikafunga, ikawa ngumu kama jiwe.

Mnadani, mzee wa kanisa aliinyanyua juu. Jua lilipoipiga, wafanyakazi wako wakatoka mmoja mmoja, wakatua kwenye kola nyeupe ya mchungaji.

"Na hao ni wa Bwana, mchungaji," ulisema.

Watu walicheka, lakini hakuna aliyetaja bei. Kisha Baba Upendo akanyoosha mkono. Ukadhani anakudhihaki, ukapandisha dau juu yake, kwa kabichi yako mwenyewe. Akapandisha. Ukapandisha. Akakushinda.

Aliizungushia koti lake, akafunga vifungo vyote, akaondoka mbio kabla ya wimbo wa mwisho. Tulipofika nyumbani tulimwona ng'ambo ya ua, akiikung'uta taratibu juu ya sukuma wiki zake. Bomba lake lilikuwa limeshindwa na vidukari.

"Si angeniomba tu," ulisema, ukaingia ndani kucheka.

Leo asubuhi nimekwenda kumwomba mimi. Kwako hakuna mfanyakazi hata mmoja aliyebaki, kwake wamejaa. Alinichagulia wanono, akawatia kwenye bakuli, akalifunika kwa kofia yake.

"Hawa ni wajukuu wa wale wa mama yako," alisema. "Mwambie nimerudisha."

Basi, nimekwambia. Lala salama, Mama.

Mwanao wa pili