Bampa la Gari la Baba

Nakuru,
Jumapili jioni

Kwako Mama mpendwa,

Natumaini barua hii imekukuta umeketi, na kama umesimama, tafuta kiti kwanza. Goti linaendeleaje? Na yule ng'ombe mwekundu, bado anampiga mateke kila anayemkamua? Mimi ni mzima wa mwili. Wa moyo usiniulize, nina hasira tangu jana. Ndiyo sababu sikupiga simu, kwa maana kwa simu ungenikatiza na maneno haya lazima uyasikie yote.

Mwikali ameniambia ulivyomjibu. Dada yangu anaolewa mwezi ujao na ameomba vitu viwili tu: apelekwe kanisani kwa gari la marehemu Baba, na jirani yetu Mama Nduku awe kati ya kina mama watakaomtoa nyumbani wakiimba. La gari ulikubali. La Mama Nduku ulisema akiingia kwa mlango wa mbele, wewe utatokea wa nyuma. Kisa ni ile leso yako ya kujifunga iliyopotea kwenye kamba ya nguo Mwikali akiwa bado msichana wa shule. Alilia kwenye simu. Nikajisemea, basi, hilo la Mama Nduku limenishinda, lakini gari nitalileta liking'aa.

Nimelileta wapi? Wiki iliyopita nilikuwa napeleka vifaranga Kuresoi kama kawaida, nikasimama Salgaa ninywe chai. Sikumaliza hata kikombe. Lori likarudi nyuma likamkalia Baba mgongoni. Samahani, nimezoea kusema hivyo, kwangu mimi lile gari ni Baba. Bampa la nyuma lilipasuka, taa moja ikawa vipande na mlango wa buti ukabonyea ndani.

"Pole boss, sijakuona," dereva akaniambia.

Gari jeupe, saa nne asubuhi, hakuliona! Nikageuka kuwaita watu washuhudie, na nilipogeuka tena, lori lilikuwa limeshapanda barabara.

Karakana zote za hapa mjini zikaniambia nilete gari "next week", na hiyo wiki yao unaijua. Nikaamua nitanunua vitu mwenyewe na kuvifunga mwenyewe hapa kwenye ploti ninapopanga. Kuna duka moja la mzee wa Kihindi, miwani huiweka juu ya kipara, vitu vipya vya kutoka ng'ambo vimening'inizwa mpaka darini.

"Gari gani?"

"Probox."

"Iko uhakika? Leta picha kwanza."

"Mzee, hii gari imenilea. Imeandikwa Probox nyuma, herufi kubwa."

"Sawa, boss. Lakini bumper ikitoka hapa hairudi."

Nililibeba bampa begani kama mtu aliyeshinda kombe. Jana nikaamka nikatandaza magunia, nikatoa spana, nikamwita jirani yangu Koech anishikie upande mmoja. Koech hutengeneza friji, lakini mwenyewe anaamini hakuna kitu chenye bolti kinachoweza kumshinda. Mama mwenye ploti naye akatoka kuniuliza nani ameniruhusu kufungua gereji chini ya kamba yake ya nguo.

Bampa halikuingia, Mama. Ukikaza upande wa kulia, wa kushoto unaruka. Ukishindilia wa kushoto, pembe ya kulia inakaa mbali na bodi hadi paka anaweza kupita. Nilisukuma kwa goti, nikasukuma kwa mgongo, klipu mbili zikavunjika na moja ikanipiga kwenye jicho. Watoto wa ploti wakaacha kucheza wakaja kututazama sisi. Nilikuwa karibu kulipiga bampa teke mpaka Subukia.

Koech akazunguka gari pole pole. Akaangalia mbele, akarudi nyuma, akaenda mbele tena.

"Wewe, hii gari yenu si Probox."

"Unasoma nini hapo nyuma?"

"Nasoma Probox. Lakini hii mbele ni Succeed, ile ndugu ya Probox, na hata mahali bumper inashikilia ni pa Succeed. Hii buti ilitoka kwa gari ingine. Angalia hapa chini ya rangi."

Akakwaruza kwa ukucha. Chini ya rangi nyeupe kulikuwa na buluu.

Nikabisha. Nikamwambia Baba alilinunua hivyo, hakuwahi kuligonga hata kwenye kisiki. Unakumbuka alivyonichapa kwa sababu niliparuza mlango na wilbaro? Wiki nzima alinihubiria juu ya kutunza mali. Basi nikafungua ule ubao wa ndani wa buti, nia yangu nilitoe bonyeo kwa nyundo, na pia nimwonyeshe Koech kwamba hajui kitu.

Bolti za ndani hazikufanana hata mbili. Ni kazi ya mkono wa Baba, naijua, kila waya amezungushia mpira wa tyubu jinsi alivyokuwa akifunga mabomba ya maji. Na ili mlango usipige kelele barabarani, alishindilia kitambaa pande zote. Nikakivuta. Kikaja kirefu, na vumbi lake. Chekundu, chenye maua meusi, na pindo moja limeungua pasi.

Mama, wewe ndiwe uliyeunguza lile pindo.

Koech aliniuliza kwa nini nimeketi chini. Nikamwonyesha lile pindo. Baba aligonga gari akanyamaza, akatafuta buti mahali, akalifunga mwenyewe siku ambazo hukuwepo, na leso yako akaitoa kwenye kamba iliyokuwa karibu na mkono wake. Huenda alidhani ni kitambaa tu. Lakini alikusikia ukimwita Mama Nduku mwizi mbele ya watu. Alikuona ukiziba kijia cha kwenda kwake kwa miiba. Na kila asubuhi akaingia kwenye gari lile, akawasha, akaenda zake. Angesema leso iko wapi, angelazimika kusema na gari lilipatwa na nini. Nampenda Baba na nimemkasirikia sana, na hayupo nimwambie, kwa hiyo nakuambia wewe.

Bampa lisiloingia limeegemea ukuta, mama mwenye ploti amelifanya kivuli cha kuku wake. Kesho nitarudi kwa yule mzee nimeinamisha kichwa, nimpelekee picha aliyoniomba. Gari litafika harusini hata kama nitalifunga kwa tyubu, na lile neno la nyuma silitoi.

Nisalimie mjomba anayesimamia shughuli, shangazi wa kupika, na bwana harusi, umwambie ukoo anaoingia una siri. Mwikali mwambie asilie tena. Mama Nduku sitamsalimia humu. Leso nimeifua na kuipiga pasi, imo ndani ya bahasha hii. Toa ile miiba, Mama, umpelekee salamu zangu wewe mwenyewe, na uende umejifunga leso hiyo kiunoni.

Ni mimi mwanao, mwenye jicho moja jekundu,
Mutua