Utabiri wa Miji Nisiyoijua

Jumamosi, alasiri. Baridi kali, upepo, mawingu mazito juu ya Bellevue, mtaa wetu hapa Johannesburg.

Hili mpaka jana sikuwa nimemwambia mtu. Kila jioni, nikimaliza kazi za shule, nasoma utabiri wa hali ya hewa wa miji ambayo sijawahi kuiona. Warden. Harrismith. Estcourt. Baba anaendesha lori la mizigo kutoka Midrand hadi Durban, na mimi namfuata kwenye simu, mji hadi mji, kimya kimya. Akipiga huuliza habari za shule tu. Hakujua kwamba nilijua tayari kama amenyeshewa.

Mwezi huu wa Septemba hauaminiki. Jumatano jua lilichoma, vumbi likatujaa puani. Alhamisi jioni utabiri ukageuka: baridi inapanda kutoka Cape, mvua jimbo la Free State, na theluji kwenye milima ambako barabara ya Durban inaanza kushuka. Jana asubuhi onyo lilikuwa limetoka rangi ya njano limekuwa la chungwa. Hapa Joburg jua lilikuwa linawaka. Nani angefikiria theluji?

Nilitaka kumwambia baba. Lakini nyumbani kwetu msafiri hatajiwi mabaya. Mama ni mtu wa Tanga. Baba akiondoka anafukiziwa ubani, anaombewa dua, na akishavuka mlango haitwi tena. Kumwita ni kumtia nuksi. Hata akisahau chaja ya simu, basi, imebaki.

Na mimi si msemaji. Darasani nikilijua jibu nalisema moyoni.

Jana mchana akavuka mlango. Nilimwona dirishani anafika getini, begi begani, na nikatoka mbio bila viatu.

"Baba!"

Aligeuka. Nyuma yangu mama akapiga ukelele. "We Rehema! Unamwita mtu kashatoka? Umeingiwa na nini?"

Dawa yake ni moja: aliyeitwa arudi ndani, aketi, anywe maji, aanze safari upya. Baba akarudi, akaketi kwenye kochi na begi lake mapajani.

"Haya Rehema," akasema akicheka. "Umeshaniketisha. Sema."

Nikasema yote. Aliacha kucheka, akanywa maji taratibu.

"Bosi wetu hasomi mawingu, binti yangu. Mzigo lazima uende. Lakini nitasimama Harrismith, niulize walioko mbele."

Akachukua blanketi nene la kitandani, akaondoka. Mama hakunisemesha mpaka tukalala.

Leo asubuhi ukaja ujumbe wake wa sauti. Alisimama kituo cha mafuta cha Harrismith kama alivyosema, na akiwa pale polisi wakaifunga barabara. "Mama Rehema, huku kote nyeupe, kama mtu kamwaga unga wa sembe! Mimi mzima. Nimevaa soksi za kila aina." Mama akacheka huku machozi yanamtoka.

Halafu sauti ya baba ikabadilika. "Papa Naomi alitangulia kidogo. Yeye hakusimama. Yuko huko juu mlimani na wengine, simu yake haipatikani."

Alikuwa na sababu gani ya kusimama?

Papa Naomi ni jirani yetu, Mkongo, mlango wake unatazamana na wetu. Anaendesha lori la kampuni ileile. Jana asubuhi alikuwa anakwenda mapema kupakia mzigo, tukakutana koridoni.

"Eh, mwanafunzi! Unaenda bila sweta? Jua hii ni ya uongo, eish!"

Nilitabasamu, nikainamisha kichwa, nikapita. Simu ilikuwa mfukoni mwangu, na onyo lilikuwa ndani yake. Hakuna aliyenikataza. Yeye kwao hawana mambo ya nuksi ya kuitwa mlangoni. Nilinyamaza kwa sababu hofu yangu yote nilikuwa nimemwekea baba peke yake.

Naliandika hili polepole maana ni kweli.

Mchana kutwa nimemsikia Mama Naomi anapiga simu, na ile sauti ya kike isiyochoka inamjibu kwamba namba haipatikani. Mama aliniambia, "Mwache. Usimwongezee." Labda alikuwa sahihi. Lakini saa nane nilifungua utabiri mpya, na kukaa nao ndani nikaona siwezi.

Nikavaa sweta, nikavuka korido, nikagonga.

Alifungua, Naomi mgongoni, simu mkononi. Nikamwambia kwamba jana asubuhi nilijua, na sikumwambia mume wake.

Alinitazama. "Na baba yako, ulimwambia?"

"Ndiyo, mama."

Nikaangalia sakafu, nikingoja afunge mlango. Naomi alianza kulia, mama yake akamtikisatikisa mgongoni.

"Basi ingia," akasema mwishowe. "Na miye uniambie sasa. Yote. Usifiche kitu."

Nikaingia. Nikaketi ukingoni mwa kitanda chao, nikamsomea saa kwa saa: upepo, baridi, theluji. Nilipofika mahali palipoandikwa kwamba theluji itakoma usiku huu, akasema nirudie. Nikarudia. Kisha akapiga tena, nami nikabaki nimeketi pale, nikisikiliza pamoja naye.