Kinu cha Rahabu

Jumatatu, 9 Juni 1947
Nachonga kwa tezo kabla ya kengele ya shule ninakofundisha, kama wiki nzima iliyopita. Tundu la kinu sasa lanimeza mkono hadi kiwiko. Gogo bado bichi. Kila jioni nalifukia katika pumba za mahindi lisikauke ghafla. Baba alinifunza kwamba mti hukaushwa kwa kusahauliwa.

Binti yangu Rahabu ataolewa Kamsamba, kule bondeni, mwezi Agosti. Kwa wakwe zetu, bibi arusi hutwanga mpunga wa kwanza mbele ya mama mkwe, kwa kinu alichochongewa na baba yake. Kikipasuka, husemwa kwamba amekuja na ugomvi. Naliogopa joto la bonde lile kuliko mkaguzi wa shule.

Ijumaa, 13 Juni
Wakwe wameomba arusi isogezwe: tarehe ishirini na nane, mwezi huu. Nimekubali kwa ufasaha mwingi. Kisha nikahesabu siku: kumi na tano tu.

Jumatano, 18 Juni
Nimekosa. Nilikitoa kinu kwenye pumba, nikakiweka karibu na meko siku tatu. Leo kina ufa mwembamba kama unywele, kutoka mdomoni hadi kiunoni. Nimeuziba kwa nta ya nyuki na unga wa mbao, nikasugua kwa majani ya msasa. Hauonekani.

Aibu.

Jumapili, 22 Juni
Nilisoma somo kanisani kwa sauti imara. Nikasifiwa. Wazee wamenitaka niseme mwenyewe siku ya kukabidhi kinu. Hapa Hasamba ni baridi, nta imeshika. Kule Kamsamba, kwenye joto, italainika. Na atakayeaibika si mimi.

Alhamisi, 26 Juni
Nimetoka shuleni nikakuta kinu uani, juani, upande wa ufa ukielekea mlangoni. Nta imelegea. Mke wangu alikuwa akichambua maharage, hakuinua uso. Alitaka nione. Nimekaa hadi chai ikapoa. Hakuna muda wa kuchonga kingine.

Jumamosi, 28 Juni
Hotuba yangu ilikuwa ya kurasa nne. Wakwe walipokwisha kuketi, niliikunja.

Nikasema, "Kinu hiki kina ufa. Niliukausha mti kwa haraka, kisha nikalificha kosa langu. Rahabu hahusiki."

Ndugu zangu walitazama miguu yao. Mama wa bwana arusi aliinuka, akapitisha kidole juu ya ufa. Akamwambia mumewe kwamba ikiwa mwalimu huyu hufundisha kama anavyokausha, watoto wa Hasamba wamepata hasara. Watu wakacheka. Mimi sikuweza.

Ndipo akanigeukia. "Mkwe, ninyi mna miti, sisi tuna ng'ombe. Tutakivika ngozi mbichi. Joto letu litaikaza."

Kinu kimeondoka na Rahabu, kimeviringishwa katika blanketi lake.

Jumapili, 20 Julai
Shemeji yangu alishuka Kamsamba kununua mchele. Amerudi leo. Ngozi imekauka, imebana. Rahabu alitwanga mbele yao wote, na mama mkwe akakishika kinu mdomoni kwa mikono miwili hadi mpunga ukaisha. Ufa bado upo. Hakuna aliyeutaja.

Jioni nimefukia gogo jipya katika pumba. Sitaligusa hadi mvua. Mke wangu ameuliza ni la nani.

Sijui bado.