Mvuke wa Mkaratusi na Mashine ya Baba

Mama yangu mpendwa,

Mulembe kutoka huku Ujerumani. Umeamkaje, na ule mguu bado unakusumbua ukitoka shambani? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio haujatulia. Barua hii nimempa mwenzangu wa Malakisi anayerudi nyumbani, kwa sababu kwenye simu wewe huweka spika, na haya sitaki Baba ayasikie.

Jumapili ulipogeuza simu nimwone, niliona sufuria ya majani ya mkaratusi ikifuka chini ya blanketi, na mashine yake ya oksijeni papo hapo kando ya kitanda. Ukaniambia umekuwa ukimfukiza hivyo kila jioni tangu mvua zianze.

Mama, si wewe huwaambia kina mama wa kanisa kwamba nimekuja ng'ambo kusomea mawe? Basi mawe yenyewe ndiyo yamo ndani ya mashine hiyo. Yanaitwa zeolaiti, ni punje zenye matundu madogo ambayo hakuna jicho linaloyaona. Hewa ikipita, matundu hukamata naitrojeni na kuiachia oksijeni iende kwa Baba. Kazi yangu ni kuigiza kwenye kompyuta jinsi gesi zinavyoingia humo na kutembea. Lakini maji, kama ya ule mvuke wa sufuria, yakiingia hukaa, na naitrojeni hukosa mahali. Wiki nzima nimejaribu kuyatoa kwenye mawe yangu ya kompyuta. Hayatoki ila kwa joto kali, na jiko la joto hilo hatuna pale Bumula.

Ndiyo maana ile taa ya njano ya mashine haizimiki. Usijilaumu, ulimfukiza kwa mapenzi na hakuna aliyekuonya. Fundi wa Kitale anasema mawe mapya yaagizwe Nairobi, na hajui yatafika lini. Mimi hapa nina mawe tele, makavu, yote ya kompyuta. Siwezi kukutumia hata punje moja. Baba mwenyewe aliniuliza, akitafuta pumzi kati ya maneno, "Wanjala, si hiyo ndio kazi yako? Si utengeneze basi." Nikacheka, naye akacheka hadi akakohoa. Nilipokata simu nililia, Mama.

Dada Nekesa alipoihamishia mashine sebuleni, ni mimi niliyemtuma. Iache huko mbali na mvuke, mpira wake wa hewa unafika kitandani. Mkaratusi usimnyime, anaupenda. Ila ukiona midomo inageuka bluu, usingoje kunipigia. Mpelekeni hospitali Bungoma hata akiapa haendi.

Nisalimie huyo dada yangu Nekesa, aiache cherehani yake Kitale kidogo akae nawe. Na Kukhu, bibi yetu, mwambie bado navaa sweta aliyonifumia.

Ukimaliza kusoma, nipigie jioni. Weka spika kama kawaida yako, uilaze simu juu ya mto wake. Hata asiponiambia kitu, nataka tu nimsikie akivuta pumzi.

Mwanao akupendaye,
Wanjala