Shaweji na nazi ya mkwewe

Mastura, acha kila kitu usome. Natoka kwa Rachida sasa hivi, mbavu zinaniuma.

Unamjua mumewe Shaweji anavyotamba na kursu yake, mafunzo ya kuwasaidia wagonjwa warudie kazi za mikono. Leo ilikuwa mtihani. Mgonjwa kamchagua mwenyewe, mama mkwe wake aliyelegea mkono kwa kiharusi. Alijua hapo maksi za bure.

Mwalimu wake, dona Célia, kakaa mkekani na kalamu yake. Kazi moja tu: mama akune nazi mwenyewe, Shaweji amwelekeze kwa mdomo.

Kwa mdomo. Mkwe, Mastura. Mkwe ahangaike na nazi, yeye kasimama anamwamrisha.

Mama kakuna kidogo, akaguna, "Ai, mwanangu." Shaweji jasho likamtoka. "Niachie, mama." Akaikalia ile mbuzi na koti lake jeupe la hospitali, kakuna nazi yote, kakamua tui, kapepeta na mchele.

Kapepeta mchele. Shaweji huyuhuyu.

Dona Célia akamuuliza, "Mgonjwa hapa ni nani?" Kafeli.

Mama akanyoosha mkono uleule, akajimiminia chai, halikumwagika tone. "Mwalimu, huu umepona tangu Ramadhani. Mgonjwa ni huyo. Miaka yote kwa binti yangu hajaosha hata kikombe, leo ndiyo kwanza mikono yake inafanya kazi."

Nilivyoondoka, Rachida alikuwa anamsogezea masufuria, aendelee na matibabu.