Chupa Nyeusi Mwisho wa Benchi

Gereji ya Baba,
Nyuma ya ghala la mbao.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa kaka yangu,

Salamu tele zikufikie wewe, wifi na mapacha. Hamjambo huko? Mgongo wako je, ule ulioniambia unakusumbua kwa baridi? Usiupuuze, mgongo hauna spea. Mimi sijambo, Mama hajambo ila magoti, na mlango wa gereji unalia vilevile ulivyouacha. Baba nitamfikia. Nimeanza na wengine makusudi.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Ukipiga simu, Baba huwa amekaa ubavuni pangu, nami siwezi kumsema mtu mzima akinisikia. Isitoshe, simu inakudanganya. Unamjulia hali, anakujibu, "Safi kabisa, kazi inakwenda," nawe unakata ukiwa umeridhika. Ukishakata ananiuliza alikuwa anaongea na nani.

Unazikumbuka sheria zake za bia? Plagi na kubadilisha oili, bia nyepesi, kwa kuwa kazi yenyewe ni ya kupigia soga. Klachi na giaboksi, ile ya lebo nyekundu. Injini ikishushwa na kufunguliwa yote, bia nyeusi, chungu, ya kunywa polepole, maana mwenye haraka husahau nati. Breki, maji ya bomba, na anayebisha aende kwa fundi mwingine. Chupa zinapangwa kwenye benchi asubuhi, hazifunguliwi mpaka kazi iishe. Hata wateja walijua: wakiona chupa wazi, wanaomba ufunguo.

Nyeusi ilikuwa yako. Alisema una mkono wa injini. Mimi nilipangiwa soda ya tangawizi, hata nilipotimiza miaka thelathini na kucha zangu zina grisi kuliko zako, ndiyo maana mpaka leo mtaa mzima unaniita Tangawizi. Nilikuwa nacheka nao, lakini iliniuma, kaka. Bia yenyewe sikuitaka. Nilitaka na mimi nihesabiwe kuwa fundi.

Sasa nikwambie yaliyotokea. Mwezi wa pili dereva wetu wa teksi, yule mnene anayeimba kuliko redio yake, alileta gari libadilishwe oili. Baba akaimwaga ya zamani. Mimi nilikuwa chini ya lori. Nilipotoka nikamkuta Baba amekaa, bia nyepesi iko wazi juu ya benchi. Nikamwambia dereva gari lake tayari. Sikuchomoa hata kijiti cha kupimia oili, kaka. Ningechomoaje, na chupa iko wazi?

Gari halikufika hata kwenye taa za barabarani. Injini ilikwama ikafa palepale. Nilirudi kutazama, nikakuta galoni la oili mpya bado lina kizibo chake. Dereva alikuja kwa miguu nikajua leo tutatukanwa. Hakutukana. Alimtazama Baba, akanitazama mimi, akasema, "Tangawizi, mpeleke mzee hospitali."

Daktari alisema ni ugonjwa wa kusahau, hautarudi nyuma. Alisema majina yatatangulia kwenda, kisha watu wenyewe. Bia akakatazwa. Ila siku ya kwanza bila chupa Baba alizunguka gereji nzima akitafuta, akahangaika mpaka akatoa machozi. Basi Mama, aliyezipiga vita chupa hizo miaka arobaini, sasa ndiye anayezijaza chai ya rangi iliyopoa na kuziziba vizuri. Namtania kwamba amekuwa mhudumu wa baa uzeeni. Anacheka, halafu anaingia ndani kulia.

Yako tu ndiyo hakuigusa, kwa sababu haijawahi kufunguliwa. Ni ileile uliyoiacha. Kila Jumamosi kwa miaka sita Baba ameitoa kwenye pipa la maji, ameiweka mwisho wa benchi chini ya spana zako, na jioni ameirudisha. Lebo ilishabanduka zamani. Mwezi wa nne alisahau jina langu, lakini chupa yako aliitoa. Nikajipa moyo kwamba maadamu nyeusi iko pale, kaka yangu hajasahauliwa.

Lile pikapu la Baba mlilokuwa mkilifunga pamoja lilibaki juu ya mawe, injini imetawanyika kwenye masanduku. Uliahidi utalimalizia kabla ya mwaka kwisha. Sikulaumu, najua kazi za watu. Lakini niliona nilimalize mimi, nikidhani huenda sauti yake itamrudisha Baba kidogo. Nimelifanyia kazi miezi mitatu. Jana liliwaka.

Baba alitoka ndani mbio, akasimama ameinamisha kichwa kama zamani, akasikiliza. "Inapumua vizuri," akasema. "Nani kaifunga?"

"Mimi, Baba."

Akanishika mikono, akaitazama muda mrefu. Kisha akaenda mwisho wa benchi, akachukua chupa nyeusi, akaifungua, akaiweka mbele yangu. "Ya injini hiyo. Kunywa, fundi."

Miaka yote nimelingoja neno hilo. Nikamwuliza, "Na Kaka je?"

Akasema, "Kaka yupi?"

Hakusema kwa hasira. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kujua kama kuna mgeni aongezewe kiti. Nikainywa yote, kwa kuwa alikuwa ananitazama. Ilikuwa imeharibika siku nyingi. Nilikwenda kulia nyuma ya lori asinione.

Daktari anasema aliyepotea leo anaweza kurudi kesho, kwa dakika chache tu. Nazitaka dakika hizo ziwe zako. Usingoje likizo. Nimenunua nyeusi nyingine, iko kwenye pipa. Na kesho Jumatatu naanza kuifungua tena ile injini, nati moja moja, niirudishe kwenye masanduku kama ulivyoiacha. Njoo uifunge mbele yake, aisikie ikiwaka, aulize nani kaifunga.

Mama anakubariki wewe na nyumba yako, na shangazi anasema mapacha watakuwa wakubwa kabla hajawabeba. Msalimie sana wifi, mwambie asikasirike kwa haraka hii. Mungu akufungulie njia, na akutunzie nafasi yako hapa mpaka ufike.

Mimi soda yangu inanitosha.

Dada yako akupendaye,
Tangawizi