Ufunguo wa Bella Vista

Hobart,
Februari 20, 2011

Mdogo wangu mpenzi Clifford,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Maureen, na kwamba goti lako limepata nafuu baada ya baridi ya mwaka huu. Mimi sijambo, ila macho. Nilizoea kusoma kurasa mia kwa siku, na sasa yananiruhusu ishirini tu, kwa hiyo nimejifunza kuchagua vitabu kama mgonjwa anavyochagua chakula.

Barua yako ya Januari niliipata. Umeniomba mambo mawili kabla makumbusho ya mji hayajafunguliwa tena wakati wa Pasaka. La kwanza, kama nina kitu chochote kilichobaki cha nyumba yetu, hasa ufunguo wa mlango, kwa kuwa huo ulio mkononi mwa sanamu ya Mama ni wa kabati na wazee wa mji wetu wa Saltersby wanakucheka. La pili, niandike ukurasa mmoja wa kumbukumbu zangu juu yake, uwekwe kwenye fremu kando ya sanamu. Nitakujibu yote mawili.

Kiangazi kilichopita uliponipokea stesheni, ulinipeleka moja kwa moja makumbusho, sanduku langu likiwa bado mkononi mwako. Tulipita vile vibanda vya magurudumu ambamo mabibi wa zamani walivutwa hadi majini ili mtu asiwaone miguu. Tulipita matandiko ya punda wa ufukweni, na mbao za gati lililoungua. Halafu Mama. Alisimama mlangoni mwa nyumba ya maturubai iliyochorwa kama Bella Vista, nyumba yetu ya wageni, mikono imekunjwa kifuani, ufunguo mkononi, amevaa aproni yake halisi uliyoitoa wewe. Pua walimtia ndefu kuliko aliyokuwa nayo. Ubao ulimtaja kuwa mwenye nyumba ya wageni mkatili kuliko wote katika pwani yetu. Ukabonyeza kitufe, na mwigizaji fulani akafoka kwa sauti ya kukwaruza kwamba haingii mtu humu kabla ya saa kumi na moja jioni, hata awe Malkia mwenyewe, na kama mmelowa bahari mliifuata wenyewe! Watoto walipiga kelele za furaha. Mmoja akambandika Mama pipi aliyokwisha kuitafuna kwenye kidole. Wewe ulicheka mpaka ukafuta macho, ukaniambia kila mji una shetani wake, ila wa kwetu angalau anatuletea wageni. Nami nilicheka, Clifford. Nilibonyeza kitufe mara ya pili.

Sheria yenyewe haikuwa ya Mama peke yake. Mtaa wetu mzima uliishi kwayo. Viwanda vya pamba vilipofungwa kwa ile wiki moja ya Agosti, miji mizima ilishuka kwenye treni, na kila nyumba ikawatoa wageni wake baada ya kifungua kinywa na kuwarudisha saa ya chai. Jua au mvua, hilo lilikuwa lao. Wageni wenyewe waliifanyia mzaha. Walisema Bella Vista ni jela ya ajabu inayofukuza wafungwa mchana. Mwaka uliofuata waliandika mapema wapate chumba kilekile.

Bi Mabel Hirst unamkumbuka kwa jinsi watu walivyomsimulia tu, maana ulikuwa na miaka tisa. Alikuwa mgeni wetu wa kila Agosti, mjane, mfumaji wa zamani, kifua kimeharibiwa na vumbi la pamba, na ulimi ambao haukuharibiwa na chochote. Jumanne ile ya mwaka 1954, mezani, mbele ya kijana mmoja wa Rochdale ambaye nilikuwa nimejipaka poda kwa ajili yake, alinitazama nikileta viazi akasema jamani, msichana huyu mkimfunga bendera gati litapata mlingoti mpya. Meza ilivunjika mbavu. Kijana wa Rochdale alicheka hadi akakohoa. Bi Hirst akanipapasa mkono, akasema usinune, mwanangu, mlingoti ndio unaoonekana kwanza meli ikiwa mbali. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Sikusikia ile sehemu ya pili hadi nilipokuwa na arobaini.

Kesho yake mvua ilishuka tangu saa tano. Unajua sehemu inayofuata. Umeisoma gazetini, umeisikia uwanjani shuleni, walikuimbia nyuma yako saa kumi na moja, saa kumi na moja, mpaka ukaacha kutumia jina la Oldroyd. Bi Hirst aligonga saa nane na nusu, hakufunguliwa. Alivuka barabara, akaketi kwenye kibanda cha kujikinga upepo, kilichotutazama. Saa kumi na moja wageni wote walirudi wakipita mbele yake. Mmoja alimwambia chai tayari, bibi, usilale njaa. Alikuwa ameketi wima, mkoba magotini, uso umeelekea mlango wetu, na amekwisha kufa.

Mbele ya hakimu wa uchunguzi wa kifo Mama alisema sheria ni sheria, na aliyekuwa na funguo ni yeye. Hakutoa hata neno la kujitetea. Mwaka uliofuata vyumba vinne kati ya saba vilikaa vitupu, na baadaye vyote. Wewe ukaenda kwa mjomba ulipofika miaka kumi na sita, na Mama alipokuita hospitalini hukwenda, wala kumzika hukwenda. Uliniandikia kwamba mlango umefungwa kutoka upande wako sasa. Niliisoma sentensi ile nikaiona imeandikwa vizuri. Sikukukataza.

Sasa kumbukumbu zangu juu ya Mama, za fremu yako.

Siku ile mchana kutwa hakuwepo nyumbani. Alikwenda kwa muuza samaki upande wa pili wa mji, na kabla hajatoka alinipa ufunguo wa mlango wa mbele mkononi. Aliniambia mbingu hizi hazidanganyi, Hester. Bi Hirst akija mwingize jikoni, mweke karibu na jiko, wengine wasimwone wasije wakadai nao. Alikuwa akifanya hivyo kila Agosti. Miaka sita alimwingiza kisirisiri, akamkanda kifua kwa mafuta, na hakuna mgeni aliyejua.

Bi Hirst alipogonga nilikuwa ukumbini. Alinisemesha kupitia tundu la barua, akaniomba nifungue. Niliinama nikamwambia mlingoti hauna mikono ya kufungulia mlango. Alicheka, Clifford. Alisema haya, umelipa kisasi, nimekubali, fungua basi mwanangu, kifua kinanibana. Nikageuza ufunguo mara ya pili ili ausikie, nikapanda juu nikaongeza sauti ya redio. Sikusahau kwamba yuko nje. Kila baada ya wimbo nilichungulia pazia nihakikishe bado ananyeshewa, kwa maana upepo uliitia mvua hadi ndani ya kibanda. Nilifurahi.

Usiku ule Mama aliniuliza mara moja tu. Nilimwambia. Akasema kwamba mimi nimepewa nafasi ya chuo cha ualimu, yeye ana aproni tu, na mtu hafukuzwi kwenye aproni. Akaniamuru ninyamaze. Nilitii kwa urahisi ulioniaibisha baadaye, lakini si wakati ule. Ufunguo hakuuomba tena, nami nilisafiri nao. Kila Agosti hadi alipofariki alinitumia kadi yenye picha ya gati, na nyuma yake mstari mmoja: leo haikunyesha, au, leo imenyesha kidogo tu. Kadi kumi na nane. Sikumjibu hata moja.

Ufunguo nimeufunga kwa leso, uko humu. Utaona ni wa shaba, umeliwa upande mmoja. Pamoja nao nimeweka picha yangu niliyopigwa ufukweni Julai ile, nikiwa na gauni la mistari. Mchongaji wenu aitumie. Aproni aiache, mikono aiache, ufunguo autie mkononi. Uso tu ndio abadilishe. Ukurasa wa fremu ni huu.

Nisalimie Maureen na wajukuu, mwambie skafu aliyonifumia naivaa. Jibu silisubiri.

Hapa leo imenyesha tangu asubuhi.

Dada yako,
Hester Oldroyd